Kwao ni Hapa

(Hotuba iliyosomwa bwaloni, siku ya mkutano mkuu wa wanafunzi wa zamani)

  

Katibu wetu ameniomba niseme nanyi kwa muda wa nusu saa kabla ya chakula. Naujua ugumu wa kazi hiyo. Harufu ya pilau imeingia humu bwaloni kabla yangu, na msemaji yeyote anayeshindana na pilau hushindwa. Kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Somo nililopewa ni hili: neema ya Mungu kwa mtu aliyetengwa. Ni somo la kanisani, na mimi ni mwalimu mstaafu tu ambaye husoma masomo Jumapili pale parokiani kwetu. Lakini nimelikubali kwa sababu moja. Leo alasiri tutakaa katika mkutano wetu, na miongoni mwa mambo tutakayoyaamua limo hili: nani aandikwe katika daftari la chama chetu na nani asiandikwe. Mimi naona kwamba somo hili la asubuhi na ajenda ile ya alasiri ni jambo moja, na nitajaribu kuwaonyesha kwa nini.

Nianze na neno. Vijana, neno ukombozi mmelisoma katika historia. Mmefundishwa kwamba mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam, ili nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni zisaidiwe kujipatia uhuru. Ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini kabla halijawa neno la siasa, na kabla halijawa neno la kanisani, kukomboa lilikuwa neno la fedha. Mtu akiweka rehani kitu chake, akaenda kulipa deni, hurudishiwa kitu kile, hapo amekikomboa. Mtu akitekwa, ndugu zake wakatoa mali ili arudi, wamemkomboa. Maana yake ni kwamba hakuna ukombozi wa bure. Anayekombolewa hupata bure, anayekomboa hulipa. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Sisi watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki hatukulijua neno hili kwa kulisoma vitabuni. Tulilijua sokoni. Pale Mkunazini, Unguja, palikuwa na soko la watumwa. Watu walitekwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa, kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wabisa na wengineo, wakatembezwa mpaka Kilwa na Bagamoyo, wakavushwa kwa majahazi. Wengine walibakizwa mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Wengine wakapelekwa Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Na tusidhani kwamba dhambi hii ilikuwa ya watu wa dini moja au wa rangi moja. Katika karne ya 18 Wafaransa, ambao ni Wakristo, walinunua watumwa Kilwa kwa ajili ya mashamba yao ya Mauritius na Réunion. Na machifu wetu wenyewe waliuza. Kila mmoja alitia mkono wake katika chungu kile.

Soko la Unguja lilifungwa tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Mwaka ule ule, siku ya Krismasi, liliwekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale palipokuwa soko. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyetunga kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870. Inasimuliwa kwamba altare ya kanisa lile iliwekwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Wengi wenu mmekwenda kutazama. Kama hamjakwenda, kamati ya safari ifikirie jambo hilo.

Lakini leo sikuja kusifu mawe. Nataka tuwatazame watu.

Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja pamoja na Steere, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Fikirini watoto wale. Hakuna aliyejua jina la kijiji chao. Hawakuwa na baba wa kuwaulizia wala mjomba wa kuwatetea. Katika nchi ambayo mtu hujulikana kwa ukoo wake, wao walikuwa si mtu. Mmoja wao aliitwa Swedi. Akafundishwa, akabatizwa jina la John, na mwaka 1879 akawekewa mikono kuwa shemasi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Mwingine aliyefuata baadaye, Cecil Majaliwa, Myao, naye aliokolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa. Akapelekwa kufanya kazi ya Injili Chitangali, karibu na Ruvuma, katika watu wa kabila lake. Mwaka 1890 akapewa upadre katika kanisa lile lile la Mkunazini. Angalieni jambo hilo, ndugu zangu. Mahali ambapo mtu mweusi aliwekewa bei, mtu mweusi aliyekuwa na bei akasimama kuwapa wenziwe sakramenti.

Yupo Jacob Wainwright. Naye alikuwa Myao aliyeokolewa katika jahazi, akapelekwa India, akasomeshwa shule ya misheni ya Nasik, karibu na Bombay. David Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, Wainwright ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake chini ya mti, na ndiye aliyechonga maandishi katika mti ule. Kisha pamoja na Susi na Chuma na wenzao waliuchukua mwili mpaka Bagamoyo, na hapo ukalala katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, misheni iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya watoto waliokombolewa. Tarehe 18 Aprili 1874, Livingstone alipozikwa London katika Westminster Abbey, Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza. Ulaya nzima ilimlia mzee yule. Lakini aliyemfikisha kaburini ni kijana ambaye kwao walikwisha msahau.

Sasa nije kwenye neno ambalo vijana mnalijua sana: mtoro. Nasikia kicheko. Naam, mtoro. Leo mtoro ni yule anayeruka senyenge kwenda mjini wakati wa maandalio ya jioni. Zamani mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Mtoro hakuwa na haki yoyote. Aliyemkamata alimrudisha, na huko alikorudishwa kulimngoja fimbo na pingu.

Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, kikaitwa Frere Town. Kule Rabai, karibu na hapo, palikuwa na misheni ya zamani zaidi. Huko alikuwako mtu mmoja aitwaye William Jones. Alitekwa utotoni, akapelekwa India, akarudi Mombasa mwaka 1864 akiwa mtu mzima na mwenye elimu. Aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1885, na mwaka ule ule akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewaongoza waliobaki katika msafara mpaka wakafika Rabai.

Basi kwa Jones watoro walikimbilia. Mmoja akaja, akaja wa pili, wakawa mia, wakazidi. Mabwana zao wakakasirika, na walikuwa na sheria upande wao, maana utumwa ulikuwa bado halali. Vita vilikaribia. Mwaka 1888 ikaonekana kwamba watoro waliojificha katika misheni ni zaidi ya 1,400. Kama ingefuatwa sheria tupu, wote wangerudishwa. Msimamizi wa Kampuni ya Waingereza, George Mackenzie, akaona njia ni moja: kulipa. Mabwana wakalipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wale wakapewa hati za uhuru. Siku moja waliamka watoro. Jioni walilala watu. Wengine watasema Kampuni ililinda biashara yake tu, na mimi sibishi. Lakini mtoro aliyepewa hati ile hakuuliza. Ninachotaka mkione ni hiki: hakuna aliyesema kwamba hawakukimbia. Hakuna aliyefuta habari. Deni lilihesabiwa, likalipwa na mtu mwingine.

Hiyo ndiyo neema, ndugu zangu. Wengi hudhani neema ni Mungu kujifanya hakuona. Sivyo. Kama ni kujifanya hakuona, msalaba ulikuwa wa nini? Neema ni hesabu iliyolipwa na asiyedaiwa.

Lakini nisiwadanganye. Mwalimu akifundisha historia ya upande mmoja huwa mpiga debe. Vijiji vile vya ukombozi havikuwa Paradiso. Waliokombolewa walifanyishwa kazi, wakapangiwa saa za kulala, saa za kusali, na hata mtu wa kuoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 uchunguzi ulifanywa Frere Town kwa sababu ya viboko na kufungiwa watu. Wale waliosoma Bombay walinung'unika kwamba Wazungu hawakuwahesabu kuwa sawa nao. Na majirani nje ya misheni waliwaita mateka. Jina ambalo halikubandukana nao hata walipokuwa walimu na makarani. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini sheria haikukomesha midomo.

Hilo nalijua si kwa kusoma. Bibi mzaa babu yangu alikuwa mmoja wa waliokombolewa utotoni. Kwao alikumbuka mambo mawili tu: mto, na mwanamke aliyekuwa akitwanga huku akiimba. Jina la mto hakulijua, wala maneno ya ule wimbo. Aliolewa misheni, akazaa, akalea, akazeeka akiheshimiwa. Hata hivyo, miaka mingi baada ya kufa kwake, mwaka 1966, dada yangu mkubwa alipotaka kuposwa, wazee wa upande wa pili walikuja kukaa barazani kwetu, wakanywa chai yetu, wakasifu maandazi, kisha mmoja wao akauliza kwa upole sana: "Kwenu hasa ni wapi?"

Baba alielewa. Kila mtu barazani alielewa. Lile halikuwa swali la jiografia. Lilikuwa na maana: sisi tunajua bibi yenu alinunuliwa. Baba akawajibu, "Kwetu ni hapa." Wakaitikia kwa adabu, wakaaga, wasirudi tena. Miaka karibu mia moja ilikuwa imepita tangu mtoto yule akombolewe, fedha zimekwisha lipwa, hati imekwisha andikwa. Lakini walikuwapo bado watu waliotaka kudai deni lile kwa kitukuu chake. Dada yangu alikuja kuolewa na mtu mwema wa mbali, na leo ana wajukuu. Lakini mimi tangu siku ile najua kwamba kumtoa mtu utumwani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa kwao.

Kuna barua moja katika Agano Jipya ambayo wengi huiruka kwa sababu ni fupi mno. Ina sura moja tu, yenye aya 25. Mtume Paulo alimwandikia mtu mmoja tajiri aitwaye Filemoni. Filemoni alikuwa na mtumwa, jina lake Onesimo. Onesimo alikuwa ameachana na bwana wake, na yaelekea alitoroka na tena alimtia hasara. Kwa maneno yetu, mtoro. Huko alikokwenda akakutana na Paulo gerezani, akaamini. Paulo sasa anamrudisha na barua mkononi.

Naomba mtazame hekima ya mzee yule. Kwanza, hakumficha Onesimo. Angeweza, alimhitaji, na mwenyewe anasema hivyo. Lakini akaona kwamba mambo yao lazima yatengenezwe mbele ya macho ya wote. Pili, hakusema kwamba Onesimo hana kosa. Wala hakumwambia Filemoni aache kuhesabu hasara yake. Alisema: kama kuna deni, liandike katika hesabu yangu mimi, nitalipa, na akaandika ahadi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Mfungwa, mwenye minyororo, anajitia katika deni la mtumwa! Tatu, hakuomba Onesimo apunguziwe viboko tu. Aliomba apokewe kama ndugu, tena apokewe kama vile angepokewa Paulo mwenyewe.

Ndugu. Sisi katika nchi hii tulilitumia neno hilo kwa kila mtu, kuanzia Rais hadi mfagizi, hata pengine likapoteza uzito. Lakini lisikieni katika baraza la Filemoni. Mtu aliyeandikwa pamoja na mbuzi na magunia, leo anatajwa ndugu, na anaketishwa mezani. Hapana shaka watumwa wengine wa nyumba ile walisimama mlangoni wakitazama itakuwaje.

Na liko jambo moja dogo ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Katika barua nyingine, ile ya Wakolosai, Paulo anamtaja tena Onesimo, na anawaambia watu wa mji ule kwamba huyu ni mtu wa kwao. Hakuwaambia "yule mtoro mliyepata habari zake". Aliwaambia ni wa kwenu. Wale wazee wa barazani waliuliza kwenu ni wapi. Mtume alikwisha jibu miaka 1,900 kabla yao.

Sasa niwaseme ninyi vijana, kwa maana mkutano wa wazee utakwisha kesho na ninyi mtabaki.

Hakuna soko la watumwa katika shule hii. Lakini yako mahali penu pa kuuzia watu. Mnapajua. Ni ile meza ya mwisho bwaloni, karibu na mlango wa jikoni, ambapo hakai mtu kwa hiari yake. Ni kile kitanda cha pembeni bwenini. Nani anakaa pale? Mwenye ngozi yenye ulemavu, ambaye mnamwita jina nisiloweza kulitaja mbele ya mama zetu waliopika. Anayekojoa kitandani. Ambaye baba yake yuko gerezani, na habari zikafika shuleni kabla ya mtoto mwenyewe. Aliyesimamishwa masomo wiki sita, akarudi, na kila kitu kikipotea bwenini yeye ndiye anayepekuliwa wa kwanza. Hao ndio mateka wenu.

Sikuombeni mwahurumie. Huruma ni rahisi, tena mara nyingi inamdhalilisha mtu. Nawaombeni mlipe. Maana kukaa katika meza ile kuna gharama yake. Ukikaa hapo leo, kesho utaitwa jina lile lile analoitwa yeye. Rafiki zako watakucheka. Pengine kiranja mkuu atapoteza ukubwa wake kidogo. Basi hiyo ndiyo fidia, lipa. Hati za uhuru za bweni haziandikwi na Mwalimu Mkuu. Ataandika tangazo, mtalisoma ubaoni, na usiku ule ule mtaendelea. Huandikwa na mwanafunzi mmoja anayechukua sahani yake na kuhama meza.

Na wewe unayekaa meza ya mwisho, nawe nikuambie neno. Usingoje wakuhamie ndipo ujihesabu kuwa mtu. Bei yako ilikwisha lipwa zamani, na aliyelipa hakuuliza wenzako wanakuita nani.

Sasa wazee wenzangu. Katiba ya chama chetu ina kifungu kisemacho kwamba mtu aliyefukuzwa shule, au aliyehukumiwa kifungo na mahakama, hatakuwa mwanachama. Kifungu hicho kiliwekwa kwa nia njema, kulinda jina la shule. Leo limeletwa pendekezo kirekebishwe. Nimewasikia wengine wakinong'ona tangu jana usiku, na sitaki kunong'ona nao, nitasema waziwazi.

Tunao wenzetu wanaoguswa na kifungu hiki. Sitawataja majina, ingawa ninyi wa rika langu mnawajua. Mmoja alifukuzwa akiwa kidato cha tatu wakati wa mgomo wa chakula. Waliogoma walikuwa shule nzima. Waliofukuzwa walikuwa wanne. Leo ni fundi wa magari, na malori mawili kati ya yale yaliyoleta mizigo yenu jana yalitengenezwa na mikono yake. Mwingine alikuwa mtunza fedha wa chama cha ushirika. Fedha zilipotea, na aliyezichukua ni yeye, hakukana. Alifungwa, akamaliza kifungo chake, akauza shamba la mkonge alilorithi, akarudisha fedha za wakulima mpaka senti ya mwisho. Tulipochanga kwa ajili ya paa la maktaba, alituma mchango wake kwa hawala ya posta. Ukarudishwa. Maelezo yalikuwa mafupi: si mwanachama.

Nimezisikia hoja za kupinga, nazo si za kipuuzi. Ya kwanza ni kwamba vijana watajifunza nini. Watasema: haidhuru, iba, mwishoni utaalikwa pilau. Najibu: kijana aliyeona mtu akiuza shamba la urithi wake ili alipe deni amejifunza zaidi juu ya gharama ya wizi kuliko aliyeona jina likifutwa daftarini. Tukimficha mtu huyo, tunaficha somo.

Hoja ya pili ni kwamba mtu akisamehewa atataka kila kitu. Leo uanachama, kesho ataomba awe mhazini. Ndugu zangu, neema si upumbavu. Paulo hakumwambia Filemoni ampe Onesimo ufunguo wa sanduku siku ile ile aliyofika. Alimwambia ampokee. Kuaminiwa na fedha ni jambo linalojengwa polepole, na ndugu yetu yule mwenyewe, nilipomtembelea, aliniambia hataki kushika fedha ya mtu yeyote tena maisha yake yote. Alichotaka ni kukaa humu bwaloni, aone kama jina lake bado limechongwa chini ya ile meza ya mninga. Limo. Nimetazama asubuhi hii.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ingawa hakuna anayeisema kwa sauti: watu watatuchekaje? Shule nyingine zitasema chama chetu ni chama cha wafungwa. Hapo, wazee wenzangu, tumefika kwenye bei. Hatuwezi kuwakomboa wenzetu hawa bila kulipa, na kinachodaiwa si fedha. Ni sehemu kidogo ya heshima yetu. Tumevaa tai, tumekuja na wake zetu, tumeandikwa katika vitabu vya wageni kwa vyeo vyetu. Je, tunacho cha kutosha, tuweze kupunguza kidogo na kumpa mwingine? Mackenzie alitoa fedha. Jones alihatarisha misheni yake yote na uhai wake. Paulo alitoa jina lake akiwa kifungoni. Kristo, sisi tunaomwamini, alitoa yote aliyokuwa nayo, akahesabiwa pamoja na wahalifu, akafa nje ya mji kama mtu asiye na kwao. Sisi tunaombwa tuvumilie kuchekwa.

Wenzetu Waislamu mliomo humu, najua kwamba hata katika dini yenu kumwacha huru mtumwa ni thawabu kubwa. Kwa hiyo sidhani kwamba tutapiga kura kwa madhehebu. Tutapiga kura kama watu waliolala katika mabweni yale yale na kula uji ule ule wenye fukusi.

Ndugu Mwenyekiti, nusu yangu ya saa imekwisha. Naomba nitoe taarifa moja, kisha nikae. Yule ndugu yetu wa hawala ya posta amekuja. Hakuingia, kwa sababu anaiheshimu katiba yetu kuliko wengine tuliomo humu. Tangu saa tatu yupo pale langoni, chini ya mwembe, anazungumza na mlinzi. Kura ni alasiri, na sitaki kuitangulia. Lakini chakula si ajenda, na sijaona kifungu chochote kinachokataza mgeni wa mwanachama kula pamoja nasi. Amekuwa mgeni wangu. Tutakapotoka humu kunawa mikono, nitakwenda kumchukua, nami nitakaa naye katika meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni. Viti viko vinane. Anayetaka kuja, nafasi ipo.

 Mungu aibariki shule yetu, na wote ambao kwao ni hapa.